Mwaka Mlima Wetu Ulipopoa

Mama alikufa akiwa na maji mengi kuliko mtu yeyote pale Dundori. Tulipomaliza kumzika na wageni wakaanza kutawanyika, mimi na ndugu yangu Kariuki tuliingia kufunga nyumba yake, na kila tulipogeuka tulikuta mtungi umejaa. Kulikuwa na mitungi chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kwenye kona ya sebule ambapo watu wengine huweka televisheni, hata ndani ya kabati la nguo. Sufuria ambazo hakuzitumia zilikuwa zimejazwa na kufunikwa kwa sahani. Na hii ni Dundori, jamani, mahali ambapo mvua hunyesha mpaka viazi vinaoza shambani, na mfereji uko hatua chache kutoka mlangoni. Chombo kimoja tu kilikuwa kikavu, beseni la zamani lenye ua jekundu lililochorwa katikati, limetundikwa ukutani mahali pa juu ambapo mtu hafikii bila kiti. Kariuki alisema tumwage maji yote kabla ya kufunga, la sivyo tutarudi tukute mbu. Alisema kweli, yeye ni mtu wa kupenda mambo yaende sawa. Nikamwambia aanze na ya sebuleni, mimi nitamwaga ya chumbani, kisha nikaketi kwenye kitanda cha mama na sikumwaga hata tone.

Maji yale yote yanatokana na mwaka mmoja. Habari za ukoo wetu na jinsi tulivyofika mlimani nitaziacha, kwa sababu ni ndefu na hazimsaidii mtu. Itoshe kujua kwamba tuliishi juu ya Mlima Eburu, ule unaouona kwa mbali ukitoka Gilgil, na kwamba nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nakaa nyumbani nikingoja kujua kama nitaenda sekondari. Baba alifanya kazi mbali na alikuja mara chache. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, Kariuki aliyekuwa bado na kaptula ya shule, na kitindamimba wetu, Wairimu, ambaye maneno aliyoyajua yalikuwa machache na maji aliyaita "ti", kwa jinsi yalivyolia yakidondoka ndani ya pipa.

Mlima ule hauna mto, na ukichimba kisima unakuta joto. Kilichopo ni mvuke. Unatoka ardhini kwenye matundu, mengine ya kuingiza kidole, mengine ya kutosha mbuzi kutumbukia, na asubuhi ya baridi mlima mzima unafuka utadhani kila shamba lina mpishi wake. Waliotutangulia kule walijua namna ya kuuteka. Unachagua tundu lenye nguvu, unalifunika kwa bati na udongo mwekundu, unachomeka bomba refu la chuma lililoinama, na mvuke ukipita ndani ya bomba unapoa na kuwa maji, yanaanguka kwenye pipa tone kwa tone, mchana na usiku. Yalikuwa maji safi kabisa, ila yalikuwa na ladha ya chuma, ndiyo maana mama aliyaacha yalale kwenye chungu kabla hatujanywa. Kila boma lilikuwa na matundu yake, na kugusa tundu la mwenzako ilikuwa sawa na kuingia jikoni kwake bila hodi na kufunua sufuria. Kiangazi kikizidi na mvuke ukilegea, mtu aliziba matundu yake madogo kwa udongo na magunia makuukuu ili nguvu yote iende kwenye lile lenye bomba. Tulifanya hivyo kila mwaka na haikuwahi kukataa. Ndiyo maana baadaye hakuna aliyeona hatari.

Jiko letu lilikuwa chumba cha mbao kilichojitenga na nyumba, cheusi kwa moshi, na ukuta wake wa nyuma ulikaribiana na tundu letu hivi kwamba sakafu ilikuwa na joto mwaka mzima. Wairimu alijifunzia kutembea pale, miguu mitupu, huku akicheka. Mama alitia viazi ndani ya gunia, akaliteremsha kwa kamba ndani ya tundu dogo, na tukirudi kutoka shambani vilikuwa vimeiva na maganda yanatoka kwa kidole. Tulivila kwa chumvi na chai ya maziwa ya mbuzi, tumeketi chini, migongo yetu ukutani. Tangu siku hizo nimekula katika hoteli za Nakuru pamoja na watu wenye tai, na sijawahi kushiba vile. Nasema hivi ili mtu asidhani tulikuwa watu wa shida. Hatukuwa. Shida ilikuja mwaka ule, ikatukuta tumeketi tunakula.

Tetemeko la kwanza nilikuwa nachambua maharagwe. Vikombe vya bati vilivyotundikwa kwenye misumari viligongana, kisha vikanyamaza. Mama alisema ni lori. Hakuna lori lililopanda mlimani siku ile, na sote tulijua. Kesho yake likaja jingine, keshokutwa yakaja kadhaa, na baada ya wiki chache tukaacha kuhesabu. Hayakuwa makubwa. Hakuna nyumba iliyoanguka, ukuta wa kanisa tu ulipata ufa, na kuku wakaacha kulala bandani. Siku hizi watu wa Nakuru wakitikiswa kidogo wanaandikiana kwenye simu, umeisikia hiyo, kisha wanarudi kwenye chai yao. Mimi huwa siwajibu. Tetemeko moja ni habari ya kusimulia, lakini yakija mfululizo, miezi na miezi, yanakula akili. Unaweka kikombe mezani na mkono unakataa kukiachia. Unaongea na mtu, unamwona anasikiliza kitu kingine. Mama aliacha kuimba akipika, na tulianza kulala sote kitanda kimoja, tumevaa nguo za mchana, na viatu vimepangwa mlangoni.

Alikuja kijana mmoja kutoka mjini na mashine ndani ya sanduku, akaifukia karibu na kanisa. Alikuwa mtu wa adabu. Alituambia kwamba matetemeko ya namna hii huja kwa makundi, madogo madogo, na hata yeye hawezi kusema yataisha lini. Mama alimkaribisha viazi na kikombe cha maji, naye akayasifu maji. Alipoondoka nilimsikia mama akimwambia Mama Esther, jirani yetu wa karibu, kwamba mtu akisoma sana halafu akakwambia hajui, hapo ndipo uogope. Walikuwa jikoni na mimi nilikuwa upande wa pili wa mbao. Mama Esther hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba bomba lao halijatoa kitu tangu juzi, na kwamba mume wake amelala chini na kutega sikio tunduni, akakuta kimya.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, boma baada ya boma. Kila ardhi ilipotikisika, mahali fulani bomba lilikauka. Lile kubwa la kanisani, lililojaza tangi la watu wote, lilibaki kukohoa hewa. Chini ya mlima kulikuwa na bwawa la ng'ombe, na watu walianza kuteremka asubuhi na kupanda na mitungi mgongoni, wakileta maji ya rangi ya chai, kisha watoto wao wakaanza kuhara. Mwishowe lilibaki bomba letu peke yake. Lilikuwa limelegea, kwa siku lilitoa sufuria moja au pungufu kidogo, lakini lilidondoka. Wanawake walikuja na chupa zao wakapanga foleni kwenye ua wetu, na mama aliwagawia kwa kikombe, wenye watoto kwanza. Cha Wairimu alikiweka kando kabla hajamgawia mtu yeyote. Huo ndio uchoyo pekee niliomwona nao maishani mwake, na ndio watu waliouona.

Siku moja nikiwa nyuma ya ua nakusanya kuni, niliwasikia wawili waliokuwa mwisho wa foleni. Mmoja aliuliza kwa nini limebaki la Mama Njeri tu, yaani letu. Mwenzake akasema labda ndilo linalonyonya ya wengine, na labda mwenyewe anajua kitu. Sikumwambia mama, lakini haikuwa na haja, maana jioni ile alikaa mbele ya ugali bila kula, akanitazama, akauliza kama mimi pia nadhani tunawaibia watu. Kariuki alimwambia waache kuja basi, kama wanasema hivyo. Mama alimkemea, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, kisha akamsogezea nyama yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu hawakwenda nyumbani. Baba Esther, mume wa yule jirani yetu, ndiye aliyekuwa msimamizi wa bomba la kanisa, mtu mpole, fundi mzuri, na hakuna aliyemwona akila haki ya mtu. Alisema amefikiria. Kila boma likiziba matundu yake kwa siku moja, yote, makubwa kwa madogo, mvuke utakosa pa kutokea na utapanda wote kwenye bomba la kanisa. Ni kile tulichokuwa tunafanya nyumbani kila kiangazi, ila sasa ni mlima mzima. Watu waliitikia kwa kichwa. Halafu wote wakageuka kumtazama mama, aliyekuwa amesimama pembeni na Wairimu kifuani.

"Mama Njeri, hakuna mtu anakulazimisha," Baba Esther alisema. "Lakini hii moto iko chini ni moja. Yako ikiendelea kutoa, ile kubwa itapata nguvu wapi? Tuzibe zote pamoja, watoto wote wakunywe."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa tunafungua yako. Hiyo ni kazi ya jembe tu."

Ardhi ilitikisika kidogo, madirisha ya kanisa yakalia, na hakuna aliyejali. Nilitaka aseme hapana. Mpaka leo naona aibu kidogo kwa ajili yao wote, jinsi walivyomtazama, watu wenye kiu wakimtazama mwanamke mmoja. Alimhamisha Wairimu begani na kusema, "Sawa. Zibeni."

Walifanya kazi kwa bidii, hilo siwezi kuwanyima. Jumatatu mlima wote ulikuwa na watu wa majembe, wakikanyaga udongo kwa miguu na kuushindilia na magunia ndani ya kila tundu, na kufikia adhuhuri hakukuwa na uzi wa mvuke popote. Sikuwahi kuuona mlima ukiwa hivyo, umekaa wazi, kila jiwe linaonekana. Tulikusanyika kwenye tangi la kanisa tukangoja. Bomba lilitoa sauti, watu wakasogea, kisha likatoa pumzi moja ndefu na basi. Tulingoja mpaka jua likazama. Na jambo ambalo hatukuligundua mpaka tuliporudi nyumbani ni kwamba ardhi nayo ilikuwa imetulia. Vikombe havikulia usiku ule, wala kesho yake. Watu walimshukuru Mungu kwa hilo, na mama aliketi kitandani, macho wazi, anasikiliza.

Asubuhi alichukua jembe mwenyewe. Baba Esther alikuja kumsaidia bila kuitwa, wakafukua tundu letu mpaka chini, na mama akaingiza mkono, kisha mkono mzima mpaka begani. Siku zote usingeweza kuweka hata kidole pale. Alibaki amelala kifudifudi kwa muda, mkono ndani ya ardhi, na alipoinuka alisema limepoa. Sakafu ya jiko ilipoa siku ile ile. Wairimu aliingia akakanyaga, akarudi mlangoni, akanyoosha mikono abebwe. Wiki iliyofuata nilimwona mama akipiga goti nyuma ya jiko na nikafikiri anasali. Alikuwa akiomba itikisike, ili joto lirudi. Alikuwa anaiambia ardhi kwa maneno ya kawaida kabisa, tikisika basi, hata kidogo.

Tulichota bwawani kama wengine. Tulichemsha, tukachuja kwa leso, tukachemsha tena, lakini maji yale yalikuwa matope na kuni zilikuwa mbichi, na mtoto wa umri ule hana subira ya kungoja sufuria ipoe. Hatujui Wairimu alikunywa wapi. Labda ndoo ya kuoshea vyombo, labda mahali mbuzi wanapokunywa. Alianza kuhara mchana, na kufikia siku ya pili macho yake yalikuwa yameingia ndani na akawa anasema neno lake moja tu. Ti, mama, ti. Mama alizunguka maboma yote akiomba hata kikombe cha yale ya zamani ya mvuke. Kila nyumba walimwambia yameisha. Alirudi na kikombe kitupu, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya kuteremka kwenda hospitali. Mimi nilibaki na Kariuki. Tulikaa kwenye kizingiti tukitazama njia, na sikupika.

Alirudi jioni hiyo hiyo, anapanda polepole, mtoto bado yuko mgongoni, na mimi mpumbavu nikafurahi, nikadhani wamempa dawa amelala. Hawakufika hata barabarani. Mama hakulia. Aliingia ndani, akamlaza kitandani, akateremsha beseni lenye ua jekundu, lile alilozoea kumwogeshea, na kuniambia, "Njeri, tafuta maji tumwoshe."

Kwenye pipa kulikuwa na yale ya bwawani tu. Nilitoka nikamwambia Mama Esther, aliyekuwa amesikia na kuja, kwamba hatuna maji ya kumwoshea mtoto. Alinitazama, akaenda kwake mbio, akarudi na chupa ya mafuta ya kupikia imejaa maji safi, maji meupe, akiipangusa vumbi kwa leso. Niliona lile vumbi. Ni vumbi la chini ya kitanda. Halafu akaja mwingine na birika, mwingine na flaski, mwingine na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, mpaka wale wawili wa foleni, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mmoja mmoja waliingia wakamimina. Beseni lilijaa, na maji yalikuwa safi kiasi kwamba lile ua lilionekana chini kana kwamba limechorwa jana. Yalikuwa matone yetu. Ni mama aliyewagawia kwa kikombe, nao wakayaficha kwa hofu, kila mmoja kwa ajili ya mtoto wake, na mama alipopita mlangoni kwao akiomba, yalikuwa hapo ndani. Maji yalikuwepo. Mama alilitazama beseni muda mrefu kuliko alivyomtazama Wairimu, kisha akawaambia asanteni, akaanza kumwosha.

Tulimzika nyuma ya jiko na kabla ya mvua kubwa tukahamia Dundori kwa dada yake. Sikwenda sekondari mwaka ule. Kuhusu mlima mama hakutamka tena neno, jema wala baya. Alianza tu kujaza vyombo. Na hakuna mtoto aliyepita kwenye njia ile ya Dundori bila kuitwa anywe, hata mvua ikinyesha, hata akikataa, na majirani walimcheka kidogo na kumpenda.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaza nimeketi kitandani pake Kariuki aliponiita kwamba kuna mgeni amechelewa. Alikuwa mzee wa fimbo, koti la mvua, viatu vyenye vumbi. Sikumtambua mpaka alipoita jina langu. Baba Esther alikuwa amesikia tangazo la kifo redioni, akatoka Eburu alfajiri, akapotea njia. Tulimkalisha jikoni. Kabla hata ya kutoa pole alifungua koti na kutoa chupa ya plastiki, akaiweka mezani taratibu. Ilikuwa na maji, kama nusu.

"Ilirudi," alisema.

"Nini?"

"Mvuke. Mwaka uliofuata, ilitikisika kidogo na ikarudi. Hapo kwenu, chini ya ile jikoni. Karibu na mtoto. Mlima yote inachota hapo mpaka leo."

Nilimuuliza kama walijua tuko Dundori. Akasema walijua. Nikamuuliza kwa nini basi hakuja kumwambia mama, miaka yote hiyo, na yeye akasema kila mwaka alikuwa anapanga kuja, na kila mwaka alikuwa anashindwa aanzie wapi. Sasa alikuwa amemletea kidogo.

"Nyinyi watu," nikamwambia, "mnaleta maji mtu akishakufa."

Kariuki aliniita kwa ukali. Lakini mzee aliinua mkono kumzuia.

"Wacha aseme. Ni kweli, Njeri."

Nilidhani nitapata nafuu, na sikuipata. Alikuwa mzee tu, midomo imekauka kwa safari, na mbele yake kulikuwa na maji ambayo asingethubutu kuyagusa. Kariuki alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wa mama, tayari kwenda kuumwaga. Nilimwambia auweke chini. Nikachota kikombe kutoka mle, nikampa mzee, nikamwambia anywe, haya ni ya mama. Alikunywa yote, nikamjazia tena, akanywa tena.

Kisha nikapanda kwenye kiti, nikateremsha beseni na kuliweka mezani. Nilifungua ile chupa yake na kuimimina yote mpaka tone la mwisho. Tulisimama watatu tukitazama. Hayakutosha hata kufunika lile ua.